Kiirua: Mbatata za Mlimani na Mali ya Mayatima

Ndugu zetu wasomaji watatuwia radhi kwa kuwa wiki mbili hizi hawakuuona ukurasa huu. Tulikuwa safarini, na safari yenyewe haikuwa ya daawa wala ya harusi. Tulikwenda Kiirua, katika kaunti ya Meru, kumtazama mwanamke auzaye mbatata kwa simu.

Kisa chenyewe ni hiki. Ndugu yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alituachia wosia wa watoto wanne na fedha za malipo yake ya kazini, shilingi 300,000. Tuliziweka benki katika akaunti isiyo na riba, tukadhani tumetekeleza amana. Lakini mwaka ukipita twatoa zaka, kwa kuwa madhehebu yetu ya Shafi huiwajibisha zaka katika mali ya yatima kama katika mali ya mtu mzima, na baada ya miaka mitatu fedha zimebaki takriban 278,000. Wakati huo huo bei ya unga, ya mafuta na ya karo imepanda mara ngapi, wasomaji wajua kuliko sisi. Imepokewa kwa Sayyidna Umar, Mungu amridhie, kwamba aliwaamuru walezi waifanyie biashara mali ya mayatima, isije ikaliwa na zaka. Tuliisomesha athari hiyo madrasani kwa zaidi ya miaka ishirini, na hatukuifanyia kazi hata siku moja.

Mama wa watoto hao huuza viazi karai na bajia kila alasiri barazani pake, Majengo. Kwa miaka miwili amekuwa akinunua mbatata zake kwa mwanamke wa Kiirua ambaye hajapata kumwona kwa macho. Humwandikia katika simu, humtumia fedha kwa M-Pesa, na Jumamosi magunia huwa yamefika Kongowea. Mwezi wa Mei alikuja kutuambia kwamba yule mama ataka mshirika Mombasa, mtu wa kupokea mzigo, kuugawa katika mifuko ya kilo kumi na kuufikisha majumbani kwa wanaoagiza mtandaoni. Mtaji utakaohitajika ni shilingi 120,000. Akaomba tutoe katika fedha za watoto.

Tulikataa papo hapo, na haki ni kueleza sababu. Mwaka mmoja nyuma tuliona katika Facebook tangazo la mashine ya umeme ya kukunia nazi. Picha ilikuwa nzuri, maneno matamu, na muuzaji alijibu salamu kwa ukamilifu wake. Tulituma shilingi 4,500. Likaja sanduku kwa basi, na ndani yake mlikuwa na vipande viwili vya tofali vilivyofungwa kwa gazeti. Namba ya simu haikupatikana tena. Watu wa nyumbani waliendelea kukuna kwa mbuzi kama mama zao, nasi tukaapa kwamba biashara ya kutoonana ni biashara ya upofu.

Hata hivyo shemeji yetu si mtu wa kukata tamaa. Alisema neno moja tu: "Shehe, nenda ukaone. Ukirudi ukasema hapana, nitanyamaza."

Basi tukaondoka na mkubwa wa mayatima hao, kijana wa miaka 17, kwa treni ya asubuhi. Njia nzima alitusomea habari za wauzaji wa mtandaoni katika simu yake, na tukiri kwamba tulifaidika kuliko tulivyotaraji. Wengi wetu tuna jamaa Dubai, na huenda wamenunua vitu Souq bila ya kujua asili yake. Aliyeianzisha ni Ronaldo Mouchawar, mzaliwa wa Halab nchini Syria, mwaka 2005, ikiwa kama soko la mnada ndani ya kampuni ya Maktoob ya Jordan. Mwaka 2017 Amazon ya Marekani iliinunua kwa dola milioni 580. Lililotuvutia si hizo milioni. Waarabu wengi wa wakati ule walihofu kutoa namba za kadi zao kwa mtu wasiyemjua, kwa hiyo Souq iliwaruhusu walipe fedha taslimu mlangoni, bidhaa ikiwa mkononi. Mtu huyu aliijua hofu ya mnunuzi kabla ya kujua jambo jingine lolote. Tuliyakumbuka matofali yetu, tukasema laiti.

Nairobi hatukukawia. Tulipanda matatu hadi Nanyuki, tukalala huko, tukasali alfajiri kwa baridi ambayo mtu wa pwani haelezwi akaelewa. Kutoka hapo barabara yauzunguka Mlima Kenya kwa upande wa kaskazini. Ukipita Timau utaona mashamba ya ngano yaliyolala juu ya vilima kama majamvi, na nyumba za plastiki za kukuzia maua yanayosafirishwa Ulaya. Mawingu yakifunguka, na kwetu yalifunguka kwa muda wa robo saa, kilele cha Batian huonekana, mita 5,199 juu ya usawa wa bahari, na theluji imekikalia. Upande wa pili wa barabara ardhi yateremka ghafla kuelekea Isiolo na nchi kavu ya wafugaji. Mtu asimama penye ubichi, na kwa mbali aona jangwa. Tulimwambia kijana wetu asome tasbihi, naye akapiga picha kwanza.

Kiirua iko katika eneo la Buuri. Watu wengi huijua kwa hospitali ya misheni ya Mtakatifu Theresa, na kwa chuo chake cha ufundi. Soko lake si kubwa. Udongo ni mweusi na mwepesi, ukishika viatu hauachi, na kila upenuni pana gunia. Wamarekani wana mahindi, Wachina wana mpunga, na watu wa huku wana mbatata, ambazo wengi wa bara huziita waru. Katika Kenya nzima zao hili ndilo la pili kwa chakula baada ya mahindi. Lakini ni zao lenye kiburi. Aina ipendwayo zaidi, Shangi, huiva upesi na kupikika upesi, ndiyo maana shemeji yetu haitaki nyingine katika karai lake. Aibu yake ni kwamba haikai. Ukiiweka ghalani majuma machache huanza kuchipua, ukiiacha juani hugeuka kijani na kuwa na sumu, na mvua ikizidi shambani ule ugonjwa wa ukungu wauitao blaiti huweza kulimaliza shamba kwa siku chache. Mkulima huuza kwa haraka kwa sababu hana la kufanya, na dalali alijua hilo tangu zamani. Ndipo likazuka gunia la lumbesa, lililoshonewa kilemba juu hadi kilo zake hazijulikani, likilipwa bei ya gunia moja. Kanuni za mwaka 2019 zimeamuru gunia la mbatata lisizidi kilo 50. Lumbesa hata hivyo tuliziona, na wauzaji wake hawakujificha.

Mwenyeji wetu tulimkuta uani, pamoja na mumewe ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, na baba mkwe wake mzee sana aliyejifunika blanketi. Ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mfupi, mwenye buti za mpira na simu mbili zilizofungwa kwa kamba shingoni. "Karibu shehe, karibu mzee wangu," akatuambia, kisha akatuomba radhi: alikuwa na wateja saba wa kujibu kabla ya saa nne. Tuliketi kungoja. Tukiri kwamba kidogo ilituuma, kwani tulitoka mbali. Baadaye tulifahamu kwamba ndivyo ambavyo hata shemeji yetu amejibiwa kwa miaka miwili: mara mbili kwa siku, saa nne asubuhi na saa mbili usiku, hakuna anayelala bila ya jibu, hata jibu likiwa ni "hapana".

Hakuanzia katika mbatata. Zamani aliishi Kiambu, akawa na duka dogo, akawa wakala wa Copia. Wasomaji wasioijua, hiyo ilikuwa kampuni iliyoanzishwa Kenya mwaka 2013, na fikra yake ilikuwa njema kabisa: mtu wa kijijini asiye na kadi wala simu kubwa huenda kwa mwenye duka amjuaye, huchagua kitu katika orodha, hulipa hapo, na baada ya siku chache bidhaa huletwa dukani. Uaminifu wa jirani ulifanywa daraja la biashara ya mbali. Wawekezaji waliipa zaidi ya dola milioni 100. Aprili 2023 ilijitoa Uganda, na Mei 2024 ikawekwa chini ya wasimamizi wa mufilisi.

Tulimwuliza alijifunza nini. Alijibu huku akichambua mbatata kwa mikono miwili. "Mzee, mimi nilikuwa naona gari likija. Siku nyingine lilileta sukari kilo mbili na beseni moja. Nikajiuliza, dizeli hii nani analipa?"

Kwa maneno hayo machache, mama huyu alikuwa amelishika jambo ambalo kampuni kubwa zimelihangaikia. Jumia, ambayo iko Kenya tangu 2013 na hisa zake ziliingia soko la New York mwezi wa Aprili 2019, miezi michache tu baadaye ilifunga biashara yake Tanzania, na mwisho wa 2023 ikaacha kazi ya kupeleka vyakula vilivyopikwa. Twiga, iliyoanza mwaka 2014 kwa kununua ndizi za wakulima na kuziuza kwa wenye vibanda vya Nairobi, nayo imepunguza wafanyakazi. Hatusemi haya kwa kuwabeza. Walifungua njia, na laiti Safaricom isingeleta M-Pesa mwezi wa Machi 2007, hata huyu mama asingeweza kupokea shilingi ya Mombasa akiwa shambani. Lakini kuonyesha bidhaa katika simu ni rahisi. Kilicho kizito ni gunia.

Yeye hana gari wala hataki. Kila Alhamisi pana lori liendalo Kongowea na kabeji, na hukodi nafasi ndani yake. Oda hupokewa Jumatatu na Jumanne. Jumanne saa mbili za usiku orodha hufungwa, na anayechelewa hungoja wiki ijayo hata akiwa rafiki. Jumatano huchimbwa kile kilichokwisha kuuzwa tu. Hivyo Shangi haina wasaa wa kuchipua ghalani, kwa kuwa hapana ghala. Wateja wa mtaa mmoja huwahimiza waagize pamoja, ili nauli igawanyike. Kisha hupiga picha. Na hapa ndipo tulipoacha kunywa chai. Hupiga picha za aibu: mbatata iliyokatwa na jembe, yenye kijani, iliyo ndogo. Kila mteja huonyeshwa mbaya kuliko zote zilizomo katika gunia lake kabla halijashonwa, na huulizwa kama ataipokea. Kijana wetu alishangaa. Sisi tulikumbuka ile hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotia mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta unyevu chini, akamwuliza mwenyewe kwa nini hakuuweka juu watu wauone. Mwanamke huyu ni Mmethodisti na hajapata kuisikia hadithi hiyo. Tulipomsimulia alicheka, akasema kumbe mambo ni yale yale tangu zamani.

Kifiqhi, afanyalo ni salam: mnunuzi hutoa thamani yote leo, na bidhaa iliyosifiwa kwa aina, kipimo na muda huletwa baadaye. Mtume alipofika Madina aliwakuta watu wakiuziana matunda namna hiyo, akawawekea masharti yake. Sharti moja tulitaraji kumnasa nalo, nalo ni kwamba haifai kufunga salam kwa zao la kishamba kimoja mahususi, kwani huenda kisizae. Tukamwuliza: je, huahidi mbatata za shamba lako? Akasema hapana, aliacha. Msimu mmoja blaiti ililiteketeza lake lote, na tangu hapo hununua kwa majirani kumi na mmoja walio katika vilima mbalimbali, na humwahidi mteja Shangi ya kilo 50, hamwahidi shamba. Sisi tuliyapata masharti hayo kitabuni. Yeye yalimgharimu msimu mzima.

Tukaomba daftari. Alileta matatu. Tulilifungua la mwaka jana, na katika mwezi wa Aprili tukaona kurasa mbili zilizojaa majina yaliyopigwa mstari mmoja mmoja, kwa wino wa rangi tofauti. Ukimya ukaingia. Mumewe ndiye aliyesema. Lori liliteleza katika mvua likalala ubavu, mzigo ukanyeshewa siku mbili, na magunia 64 yakaoza. Yalikuwa yamekwisha kulipwa na watu 41. Fedha zilikuwa zimekwisha kutoka, kwa wakulima na kwa nauli. Waliuza ng'ombe wa maziwa. Hawakutosheka, wakalipa kidogo kidogo kwa miezi mitatu, wakianza na wenye gunia moja moja na kumaliza na wenye mahoteli.

Katika safu ya majina tuliliona la shemeji yetu: magunia mawili, shilingi 5,200, mstari wa wino mwekundu. Tulimpigia simu pale pale. Mbona hukutuambia? Akasema, "Si alinirudishia? Kitu kilichorudi kina habari gani?"

Ilikuwa imebaki sisi kusema ndiyo, na hatukuweza. Katika daftari la tatu mlikuwa na mkopo wa ushirika wa akiba, wenye riba kila mwezi, uliojengea kibanda cha kuchambulia na kununulia mizani. Mali ya mayatima hatuwezi kuichanganya na hiyo. Naye alikuja na pendekezo lake, kwa nia safi kabisa: tumpe 120,000, naye atatupa 6,000 kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Wasomaji wajua jibu. Tulimweleza kwamba faida iliyofungwa hivyo ndiyo riba yenyewe, na kwamba tukishirikiana twagawana faida ikiwepo, na hasara ya mtaji, pasipo uzembe, ni yetu sisi wenye mtaji, naye atakuwa amepoteza jasho lake tu.

Alituangalia kwa muda. "Yaani lori likianguka, nisiwarudishie watoto pesa?"

"Usirudishe, kama hukuzembea."

"Haiwezekani, mzee. Mayatima?" Akamgeukia mumewe, wakasemezana Kimeru. Kisha akasema, "Dini yenu inaniogopesha kuliko benki. Benki inataka pesa yake tu. Ninyi mnataka kuona kila gunia."

Tulicheka sote, hata yule mzee wa blanketi. Lakini majadiliano yalichukua mchana kutwa, na tulisali adhuhuri na alasiri pamoja, kwa kukusanya na kupunguza, juu ya turubai safi aliyoitandika mwenyewe. Kijana wetu ndiye aliyetoa njia: tusishirikiane katika biashara yake yote, tushirikiane katika mzigo. Magunia yatakayonunuliwa kwa fedha za watoto yawe na daftari lake na namba yake ya kupokelea malipo, yasiguswe na mkopo, na kila mzigo ukimalizika hesabu ifungwe. Hiyo ni mudharaba yenye mipaka, na wanavyuoni wameijuzu. Na kushirikiana na asiye Muislamu katika la halali si jambo geni, kwani Mtume aliwaachia watu wa Khaybar mashamba yao wayalime kwa nusu ya mazao.

Hatukutoa 120,000. Tulitoa 60,000, kwa mizigo minne, faida nusu kwa nusu baada ya gharama, na shemeji yetu alipwe ujira wa kila mfuko aufikishao. Tuliandika nakala mbili kwa mkono. Mashahidi waliotia saini ni mumewe na mwenye duka jirani, Mborana wa Isiolo aliyeitwa mbio akaja na mizani ya kuazima kwa kudhani ndiyo iliyotakiwa. Kuhusu lile la kutorudisha hasara, mama huyu hakuridhika hadi tunaondoka, na twahisi lori likianguka tutakuwa na ugomvi wa ajabu, wa mtu alazimishaye kulipa asichodaiwa.

Usiku wa Jumatano tulikuwa bado Nairobi kwa jamaa zetu. Simu ya kijana ikalia. Zilikuwa picha kumi na mbili za mbatata mbaya, moja kwa kila gunia, na chini yake maandishi: gunia la tisa lina kilo 49, nipunguze bei au niongeze? Tulinyoosha mkono tupokee simu. Tayari alikuwa amekwisha kumjibu kwamba aongeze.